Krismasi Pili

Kalenda ya mtu wa visiwani imejaa sikukuu za kila namna. Zipo Idi mbili zinazoandama mwezi, yapo Maulidi, upo Mwaka Kogwa wa Makunduchi wenye hesabu yake wenyewe, na zipo siku za dola zilizopangiwa tarehe zisizohama. Lakini ipo siku moja ambayo hakuna sheikh aliyeitangaza wala mzee wa mila aliyeirithisha, nayo huadhimishwa mjini na mashamba, Unguja na Pemba, kwa nidhamu ambayo sikukuu nyengine zingeionea wivu. Siku hiyo ni tarehe 26 Desemba, ambapo mpira wa Waingereza huchezwa ilhali ligi nyengine nyingi za Ulaya zimepumzika. Wenyewe huiita Boxing Day, na barazani kwetu wapo wazee ambao mpaka leo hushikilia kwamba ni siku ya masumbwi. Sisi tuliozoea Idi Mosi na Idi Pili tumeipa jina lililo karibu zaidi na ulimi wetu, tukaiita Krismasi Pili.

Jina la Kiingereza halina uhusiano na ngumi. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba linatokana na kisanduku. Katika nyumba za wakubwa wa Uingereza ya zamani, watumishi walifanya kazi siku ya Krismasi yenyewe: walipika, wakaandaa, wakaosha vyombo, na bwana akafurahi na jamaa zake. Siku ya pili yake ndiyo waliyopewa ruhusa ya kwenda makwao, na kila mmoja akakabidhiwa kisanduku chenye zawadi au makombo ya karamu. Wachukuzi na wagawa barua nao walipita milangoni kupokea bakhshishi zao. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu naamini mpira wa siku hiyo haufahamiki vyema mpaka mtu akumbuke kwamba, tangu asili, ni mpira wa siku ya watumishi.

Tarehe 26 Desemba 1860, vijana wa klabu ya Sheffield walipambana na wenzao wa Hallam katika kiwanja cha Sandygate, na mchezo huo huhesabiwa kuwa wa mwanzo duniani kuzikutanisha klabu mbili za mpira wa miguu. Nimepata kuishi katika mji huo wa Sheffield nilipokuwa masomoni, na katika likizo moja ya Krismasi nilipanda mlima kwa miguu kwenda kukiona kiwanja chenyewe. Hapakuwa na mchezo siku hiyo. Nilichokikuta ni uwanja ulioinamia upande mmoja, uzio mfupi, nyumba za watu pembezoni na ukungu uliolala juu ya majani. Hakuna kilichomwambia mpita njia kwamba hapo ndipo palipoanza jambo ambalo leo linamkosesha usingizi mvuvi wa Nungwi na mchuma karafuu wa Wete. Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi, nikawa nafikiri kwamba huenda mambo makubwa ya dunia yote yalianza hivi, kwa watu wachache wenye siku moja ya mapumziko na kiwanja kisicho sawa.

Miaka kumi na moja baadaye, sheria ya mwaka 1871 iliifanya siku hiyo kuwa ya mapumziko rasmi nchini Uingereza, na Ligi ilipoasisiwa mwaka 1888 ikaikuta iko tayari inaisubiri. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba, wachimba makaa na wafua vyuma, ambao mwaka mzima waliliona jua kwa kuliiba, walijazana viwanjani. Hata siku ya Krismasi yenyewe ilichezewa. Timu mbili ziliweza kukutana mara mbili mfululizo, leo kwangu na kesho kwako, na wachezaji walewale wakapanda gari moshi usiku wakiwa na matope magotini. Ratiba kamili ya tarehe 25 ilichezwa kwa mara ya mwisho mwaka 1957, na mchezo wa mwisho wa daraja la kwanza katika siku ya Krismasi ulikuwa wa mwaka 1965, Blackpool walipowafunga Blackburn mabao 4-2. Tangu hapo mzigo wote uliangukia siku ya pili.

Katika historia ya siku hiyo lipo tukio ambalo hupenda kulikumbusha kila ninapomsikia mtu akisema mpira ni mchezo wa wanaume. Mwaka 1920, mjini Liverpool, katika uwanja wa Goodison Park, watazamaji wapatao 53,000 walihudhuria mchezo wa wanawake. Timu ya Dick, Kerr Ladies, iliyotokana na wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Preston waliotengeneza silaha wakati wa vita, iliwafunga wenzao wa St Helens mabao 4-0, na fedha za kiingilio zikaenda katika hisani. Maelfu ya watu walibaki nje kwa kukosa nafasi. Haukutimia mwaka mmoja. Tarehe 5 Desemba 1921 chama cha mpira cha Uingereza kikapiga marufuku mchezo wa wanawake katika viwanja vya klabu zake, kwa hoja kwamba hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu takriban nusu karne. Watumishi walipewa kisanduku, wakakifungua, wakakuta ndani mna kitu cha thamani kuliko walichokusudiwa, wakanyang'anywa.

Marehemu baba yangu alikuwa na hadithi yake moja ya Krismasi Pili, na aliisimulia kila mwaka kama anayeisimulia mara ya kwanza. Ilikuwa mwaka 1963. Walikuwa wamekusanyika mbele ya redio ya jirani, mawimbi yanakuja na kutoweka, wakisikiliza matokeo kutoka London. Mtangazaji akasoma: Fulham kumi, Ipswich moja. Wakadhani redio imeharibika. Akaendelea: West Ham mbili, Blackburn nane, Burnley sita, Manchester United moja, Liverpool sita, Stoke moja. Michezo kumi ya daraja la kwanza ilizaa mabao 66 kwa siku moja. Siku mbili baadaye timu nyingi zilirudiana, na mambo yakageuka juu chini: Ipswich wakawafunga Fulham 4-2, West Ham wakashinda 3-1 huko Blackburn, na Manchester United wakalipa kisasi kwa mabao 5-1.

Baba hakuwa mtu wa falsafa, lakini alijua kwa nini hadithi ile ilimkaa moyoni. Zilikuwa zimepita siku 16 tangu bendera ya Muingereza iteremshwe Unguja, na zilikuwa zimebaki siku 17 kabla ya Mapinduzi. Hakuna aliyekuwa mbele ya redio ile aliyeijua hesabu ya pili. Wao walicheka, wakabishana juu ya Fulham, wakaagana kwa kuambiana kesho. Kila alipofika hapo katika masimulizi yake, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba dunia ilikuwa imekwisha tuonyesha mfano wake: aliyepata kumi leo anaweza kufungwa nne keshokutwa. Sikuwahi kumuuliza zaidi, na yeye hakuongeza neno.

Zama zetu sisi hazikuwa za redio. Dishi zilipoingia mitaani katika miaka ya tisini, mpira wa Uingereza uligeuka kutoka kuwa habari ukawa mandhari. Tuliuona moshi unaotoka vinywani mwa wachezaji kwa baridi, nasi tumekaa vifua wazi, upepo wa kaskazi ukiingia kwenye banda kwa pembe moja na kutokea nyengine. Na zaidi ya yote, tuliyajua majira. Saa tisa ya alasiri ya Uingereza wakati wa baridi ni saa kumi na mbili ya jioni kwetu. Basi kuanzia mwaka 1998 hadi 2000, Krismasi Pili iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani, na kila mchezo ulioanza saa kumi na mbili ulikutwa na adhana ya magharibi kabla ya mapumziko. Mwenye banda la mtaani kwetu alikuwa na busara. Adhana ilipolia alizima sauti akaacha picha. Watu wakafungua kwa tende na maji, wakatoka kusali, na waliorudi mapema walikaa kimya wakitazama miguu inayokimbia bila ya sauti, kama samaki ndani ya maji safi. Katika siku za mwisho za Ramadhani ya mwaka 2000, Arsenal, ambayo ndiyo timu yangu kwa heri na kwa shari, iliwafunga Leicester mabao 6-1, Thierry Henry akitia matatu. Sijapata kuiona furaha iliyotulia kama ile. Labda ni kwa sababu tulikuwa tumeshinda na njaa, na mtu mwenye njaa huijua thamani ya anachopewa.

Mwaka 2004 siku hiyo ilituonyesha uso mwengine. Arsenal iliwafunga Fulham 2-0, na Chelsea iliwafunga Aston Villa 1-0. Chelsea ya msimu ule ilikuwa mashine: ilicheza michezo minne ya ligi kati ya tarehe 26 Desemba na 4 Januari, ikashinda yote, ikatia mabao sita na haikufungwa hata moja. Lakini siku yenyewe, mwenye banda alipohamisha chaneli ili asikilize habari, tukaona bahari. Ilikuwa ni bahari yetu, Bahari ya Hindi, imepanda juu ya nchi kavu huko Sumatra, Thailand na Sri Lanka, imebeba magari na miti na watu. Mawimbi yale yaliivuka bahari nzima mpaka kwenye pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania, na huku pia yaliua. Kwa jumla walikufa watu zaidi ya 200,000. Nakumbuka mzee mmoja mvuvi aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma aliinuka bila ya kusema kitu akaelekea pwani, na wengine wawili watatu wakamfuata. Waliobaki wakaitaka chaneli ya mpira irudishwe. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Mtu huweza kuzika asubuhi na kucheka jioni. Ila tangu mwaka ule, kila nikisikia watu wakiitaja tarehe 26 Desemba kwa mpira peke yake, huona kwamba nusu ya tarehe imeachwa nje.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Shabiki wa mbali ana deni, na mara nyingi hajui kwamba anadaiwa. Nchini Uingereza siku ya Krismasi Pili gari moshi nyingi hazitembei. Televisheni ikiuhamisha mchezo hadi asubuhi au usiku ili utufikie sisi katika saa nzuri, yuko mtu na mwanawe wanaotafuta njia ya kurudi nyumbani katika baridi ya kuvunja mifupa. Fedha zinazolipwa na wenye vituo vya televisheni wa Afrika, Asia na Marekani ni miongoni mwa zinazoiongoza ratiba. Na kuna kinyume kingine cha ajabu. Kwa miongo mingi imekuwapo kanuni huko kwao inayozuia mchezo kuonyeshwa moja kwa moja siku ya Jumamosi kati ya saa tisa kasorobo na saa kumi na moja na robo za jioni, ili watu waende viwanjani na klabu ndogo zisife njaa. Kwa hiyo mkaazi wa Bolton asiye na fedha za tikiti hukosa kuuona mchezo ambao mkaazi wa Mlandege anauona kwa bei ya kikombe cha kahawa na kashata mbili. Sisi tulio mbali tumekaribishwa sebuleni, na mwenye nyumba yuko nje.

Mwaka 2011 watumishi walikataa. Madereva wa treni za chini ya ardhi za London waligoma siku ya Krismasi Pili kwa mzozo juu ya malipo ya kufanya kazi sikukuu, na mchezo wa Arsenal na Wolves ukalazimika kusogezwa hadi tarehe 27. Barazani kwetu madereva wale walitukanwa kwa lugha zote tunazozijua. Rafiki yangu mmoja, ambaye ni baharia wa boti za abiria na hajapata kukaa nyumbani Idi Mosi kwa miaka mingi, alisikiliza mpaka wakachoka, kisha akauliza: "Nyinyi mnadhani boti inayokuleteeni jamaa zenu sikukuu inajiendesha?" Hapakuwa na jibu. Na mchezo wenyewe, ulipochezwa siku ya pili, uliishia 1-1, kana kwamba hata mpira haukutaka kumpa haki mmoja na kumnyima mwengine.

Yapo pia maumbile ya wachezaji wenyewe. Matajiri ni matajiri, lakini msuli hauujui mshahara. Wataalamu wa tiba ya michezo husema kwamba mwili uliocheza dakika tisini unahitaji siku tatu hivi kuirudisha nguvu yake. Ratiba ya sikukuu mara nyingi imetoa siku mbili. Mwaka 2019 Liverpool ilitakiwa kucheza robo fainali ya kombe la ligi huko Birmingham tarehe 17 Desemba, na nusu fainali ya klabu za dunia huko Doha tarehe 18. Ilibidi itumie vikosi viwili. Watoto waliobaki Uingereza walifungwa 5-0 na Aston Villa, wakubwa wakatwaa ubingwa wa dunia tarehe 21, na tarehe 26 walewale wakaenda Leicester wakashinda 4-0. Sisi tulisifu, na ilistahiki kusifiwa. Lakini punda anayesifiwa kwa kubeba huongezewa gunia. Wala tusijione tuko mbali na jambo hili. Hapa kwetu, katika majuma ya mwanzo ya Januari, Kombe la Mapinduzi limezoea kukusanya michezo mingi ndani ya siku chache, na vijana wetu hucheza kwa malipo ambayo hayawezi kumnunulia mchezaji wa Ulaya jozi ya viatu. Tukiwaonea huruma wale, tuanze na hawa.

Kwa hayo yote, ungetegemea nifurahi kwa yaliyotokea mwaka 2025. Kwa kuwa mashindano ya Ulaya yamepanuliwa na ratiba imebanwa kila upande, Ligi Kuu ya Uingereza ilicheza mchezo mmoja tu siku ya Krismasi Pili. Manchester United iliwafunga Newcastle 1-0 kwa bao la Patrick Dorgu, na kwa saa zetu mchezo ulianza saa tano za usiku, wakati watoto wamelala na wazee wamekwisha funga milango. Banda lilikuwa na watu wachache, nusu yao wakisinzia. Michezo mengine ya duru hiyo ilisukumwa siku za mbele. Hakuna aliyepumzishwa kwa ajili ya mapumziko. Mzigo ulikuwa uleule, ila ulihamishwa kutoka bega hili hadi lile. Watumishi hawakupewa siku yao. Sikukuu tu ndiyo iliyoondolewa.

Hapo ndipo nilipoutambua ukweli wa hisia zangu. Nilichokuwa nikikipenda hakikuwa wingi wa michezo. Nilikuwa napenda kwamba ipo siku moja ambapo mtu wa Hallam na mtu wa Michenzani, bila ya kujuana, wanaacha kazi kwa wakati mmoja na kutazama kitu kimoja. Sikukuu maana yake ni hiyo, kukutana kwa wakati. Ukiigawa duru katika siku nne na saa saba tofauti, kila mtu atauona mchezo, na hakuna watakaokutana. Mfanyabiashara huita hilo faida. Mtu wa baraza, anayejua kwamba kahawa ya kunywa peke yako haina ladha, ataliita kwa jina jengine.

Faraja iliyobaki iko chini. Tarehe hiyohiyo ya mwaka 2025, madaraja yaliyo chini ya Ligi Kuu yalicheza duru yao kama ilivyo desturi, katika miji ambayo wengi wetu hatuwezi kuionyesha kwenye ramani. Wauza nyama, walimu na madereva wa mabasi walikwenda kuzitazama timu zao zikishindwa, wakarudi makwao wakilalamika, wakafurahi. Mpira wa siku ya watumishi umerudi kwa watumishi, na pengine ndiko ulikokuwa muda wote, sisi tukiangalia juu tu. Mwaka 2026 tarehe 26 Desemba itakuwa Jumamosi, siku ya mpira tangu enzi, na naamini banda letu litajaa tena. Nitakwenda kama kawaida. Ila nimewaambia wenzangu kwamba safari hii, kabla ya kulipa kiingilio, tupitishe kikopo kwa ajili ya kijana anayetuwashia jenereta na kufagia maganda ya njugu tukishaondoka. Kwa miaka yote hii hajapata kuuona mchezo hata mmoja mpaka mwisho.